Mwenye Kalamu Ashike Breki

Jumanne moja, saa moja jioni, niliwasomea wanafunzi wangu sentensi moja kwa mwendo ule ule wa Mmarekani anayeagiza kinywaji: "I'd like a cup of tea." Walikuwa kumi na wanne, karibu wote wazaliwa wa Kivu Kusini waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, na zaidi ya nusu walikuwa wametoka zamu ya ghalani au ya hotelini bila kupitia nyumbani. Nikazunguka kuangalia madaftari. Mama mmoja wa Fizi alikuwa ameandika: "I like kapati." Akaniinulia macho kwa huruma. "Mwalimu, leo mchana hukula?"

Tulicheka hadi watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Lakini ukilitazama lile daftari kwa utulivu, utaona kwamba sikio la mama halikukosea sana. "Cup of tea" ikitamkwa upesi hapa Kentucky ni kapati kweli: ile "of" imebaki irabu moja isiyo na nguvu, na f yake imemezwa. Alichokikosa ni mahali pa kukata, yaani neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Kosa lililonikosesha usingizi lilikuwa dogo kuliko hilo, na hakuna aliyelicheka. "I'd" ilikuwa imegeuka "I". Herufi moja, d, ndiyo inayotenganisha "ningependa" na "napenda", na haikumfikia kabisa.

Ningemuuliza kama ameelewa, angejibu ndiyo. Mtu mzima aliyechoka, mbele ya wenzake, hujibu ndiyo. Ningempa karatasi ya kujaza nafasi, angejaza vizuri, kwa sababu sarufi ya karatasini anaijua. Ni imla iliyonionyesha kwa dakika moja kwamba anachokijua kwa jicho hakijafika sikioni. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima wageni hapa Lexington, mji ambao Kiswahili utakisikia kwenye foleni ya duka na kwenye kituo cha basi, na kila ninapokutana na walimu wenzangu nasikia kwamba imla ni zoezi la kizamani, la kumfanya mtu awe kasuku. Nasimama upande wa imla. Ila natoa sharti moja, na bila sharti hilo niko upande wa wanaoipinga: anayeandika ndiye awe na mamlaka juu ya sauti ya anayesoma.

Sifa mbaya ya imla haikutoka hewani. Sisi tuliosoma Tanzania tunaikumbuka: mwalimu mbele, maneno kumi, kimya, na fimbo juu ya meza. Wenzetu wa Kongo wanaiita dikte, na walirithishwa na shule za Kibelgiji, ambazo nazo zilifuata desturi ya Kifaransa. Huko Ufaransa dikte ilikuwa karibu ibada. Mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliitungia kasri ya Fontainebleau imla ya kuburudisha wageni wa Napoleon III, na husimuliwa kwamba Kaisari mwenyewe alipata makosa 75, mkewe Eugénie 62, huku Metternich, mjumbe kutoka Austria, akipata 3 tu. Yaani mwenye nchi alishindwa lugha yake na mgeni. Watu wa kasri walicheka wakaenda kulala, lakini mawazo yale yakabaki shuleni: lugha ni uwanja wenye mitego, na imla ipo ili tuone nani ananasa.

Australia, imla haikuwa mchezo. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ilimruhusu afisa wa bandarini kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha ya Ulaya, na mgeni akishindwa kuyaandika arudishwe. Lugha aliichagua afisa. Ukijua Kiingereza, anaweza kukusomea nyingine. Mwaka 1905 maneno "lugha ya Ulaya" yakabadilishwa ili iwe lugha yoyote itakayoteuliwa, lakini shabaha ilibaki ile ile, kuzuia wasio weupe bila kuandika neno rangi katika sheria. Mwaka 1934 alifika Egon Kisch, mwandishi mzaliwa wa Praha na mpinzani wa Wanazi, ambaye serikali haikumtaka. Alizuiwa melini, akaruka gatini Melbourne akavunjika mguu. Kwa kuwa alijua lugha kadhaa za Ulaya, walimsomea imla kwa Kigaeli cha Uskoti. Mahakama Kuu iliwaumbua, ikasema Kigaeli hicho hakikuwa lugha iliyokusudiwa na sheria ile. Mtihani wenyewe ulifutwa mwaka 1958 tu.

Nawasimulia wanafunzi wangu habari za Kisch. Wanazielewa haraka kuliko nilivyozielewa mimi nilipozisoma mara ya kwanza. Kwa miaka mingi wamekaa mbele ya meza ambazo nyuma yake kuna mtu anauliza na kuandika, na kalamu haikuwahi kuwa yao.

Na hapa Marekani imla inawangoja. Katika usaili wa uraia afisa humsomea mwombaji sentensi, naye aiandike. Ana nafasi tatu, ikieleweka moja amepita. Kusema haki, hii si ya Australia. Orodha ya maneno yatakayotumika imechapishwa, haifiki mia, na kosa la tahajia halimwangushi mtu maadamu maana haikupotea. Namba unaweza kuiandika kwa tarakimu. Kufupisha neno ndiko kusikoruhusiwa. Wazee wenye miaka 50 na zaidi walioishi hapa miaka 20 kama wakaazi wa kudumu, au wenye 55 na miaka 15, wamesamehewa Kiingereza chote. Lakini wengi wa kwangu hawajafikia hesabu hiyo. Wimbi lao moja kubwa ni la mwaka wa bajeti 2016, walipopokelewa wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule.

Kwa sababu orodha inajulikana, madarasa mengi hufanya jambo la busara na la hasara kwa wakati mmoja: huwakaririsha. "Washington", "February", "taxes", "White House", hadi mkono unaandika wenyewe. Mtu anafaulu, anapeperusha bendera ndogo, halafu kesho yake simu ya shule ya mtoto inalia na hashiki hata neno. Nimewaandaa watu hivyo, na sina aibu kwa wale waliofaulu. Ila maneno yenyewe ya orodha hiyo, ukiyasoma kwa jicho la mwalimu, yanakuonyesha ugonjwa ulipo. Humo kuna "lived". Humo kuna "states" yenye s mwishoni. Humo kuna "fifty".

Sikio la Mswahili limezoea kupokea habari mapema. Tunasema alifanya, na kabla hatujafika kwenye kufanya kwenyewe umeshajua ni nani na ni lini. Tunasema hawakuja, na ukanushi umekupiga kwenye silabi ya kwanza. Vitabu, miti, watu: wingi uko mlangoni. Kiingereza kinaweka mizigo hiyo hiyo nyuma, tena kwa sauti ya chini. "Worked": wakati uliopita umejificha kwenye t nyembamba baada ya k. "Books": wingi ni mlio wa s tu. "Can't": kinywani mwa Mmarekani ile t mara nyingi haipasuki, inakatika kooni, na tofauti kati ya "unaweza" na "huwezi" inabaki kwenye urefu na uzito wa irabu. Kweli, nasi tuna mikia yetu, pigwa na pigana, wala sikatai kwamba hafanyi ina i yake mwishoni. Lakini mikia yetu ina irabu, inatamkwa kwa kinywa wazi, na mkazo unakuwa jirani yake. Mkia wa Kiingereza ni konsonanti tupu ambayo neno linalofuata likianza nayo inatoweka kabisa. Jaribu kusema "walked to" upesi.

Ndiyo maana daftari la imla la Mswahili lina sura yake. Vichwa vya maneno viko sawa, mikia imekatika. Walimu wenzangu Wamarekani wakiona "yesterday he work" wanasema mwanafunzi hajui wakati uliopita, wanarudi ubaoni kufundisha "-ed" kwa mara ya tano. Anaijua sana. Hajawahi kuisikia. Ukimwonyesha kwamba mkia upo na unasikika vipi, akauwinda kwa wiki tatu katika imla fupi fupi, "-ed" inaanza kujitokeza hata kwenye mazungumzo yake bila somo la sarufi.

Na mkazo. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, mchana na usiku. "Fifteen" ya Mwingereza ina uzito mwishoni. Mswahili anaipa i ya ziada au anausogeza uzito mbele, na Mmarekani anasikia "fifty". Kinyume chake nacho ni hicho hicho. Kumi na tatu na thelathini, kumi na tano na hamsini: hizi ndizo tarehe za kodi ya nyumba, malipo ya saa, na namba za mabasi. Kila kipindi naanza na imla ya namba kumi, hakuna kingine, dakika tatu. Mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba inachosha, maana kila mmoja ana hadithi ya namba iliyomgharimu.

(Saa nayo ina kisa chake. Kijana aliyekulia Nyarugusu aliandika "7:30" bila kosa, akaenda nyumbani akamwambia mkewe miadi ya kliniki ni saa saba na nusu. Imla ilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyomfikisha mkewe kliniki mchana. Tangu siku hiyo nikisoma saa, nataka waandike tarakimu na mbele yake wachore jua lilipo.)

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo lile sharti langu litaonekana nadharia. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha watu wazima nilisoma imla kama mtu anayetwanga kisamvu. "The. Children. Are. In. The. Kitchen." Kila neno na pumzi yake. Niliona huo ndio wema. Darasa lilipata ishirini kwa ishirini, na mimi nilijivuna mbele ya mratibu wetu. Kisha baba mmoja aliyekuwa wa kwanza darasani akaniletea simu yake na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja kutoka kwa mwenye nyumba. Alikuwa ameusikiliza mara nyingi. Alishika neno "kitchen" na neno "Monday". Ujumbe ulisema fundi wa kuua mende atakuja Jumatatu na kwamba vyombo vyote vitolewe kwenye makabati ya jikoni. Jumatatu ilikuwa jana yake.

Nilikuwa nimemfundisha Kiingereza ambacho hakizungumzwi na mtu yeyote duniani isipokuwa mimi, darasani, jioni. Kwa kusoma polepole nilikuwa nimeondoa kile kile kinachomshinda: maneno yaliyogandana. Lakini ukisoma kwa kasi ya kweli, mtu aliyeanza miezi minne iliyopita anazama sentensi ya kwanza na kuweka kalamu chini. Mwalimu yuko kati ya wema unaodanganya na ukweli unaozamisha.

Njia ya kutoka hapo si uvumbuzi wangu. Mwaka 1988 Paul Davis na Mario Rinvolucri walichapisha kitabu kizima cha kuigeuza imla kichwa chini miguu juu, na tangu wakati huo walimu wamekuwa wakipeana mbinu ya kulifanya darasa liendeshe sauti ya mwalimu kama redio ya kaseti. Nasoma kwa kasi ya kawaida, simpunguzii mtu ila akiniamuru. Lakini wao wana amri nne: "Stop." "Go back." "Slow down." "Go on." Nikiambiwa nisimame, nasimama katikati ya neno. Nikiambiwa nirudi, narudi pale pale walipotaja, kwa kasi ile ile. Hata kama ni mara kumi na mbili.

Ukiyasoma maelezo haya ni mepesi. Kuyafanya ni kazi, kwa sababu ya adabu. Hawa ni watu waliolelewa kwamba mwalimu hakatizwi. Vijana waliokulia Kasulu huniamkia shikamoo mlangoni. Wiki ya kwanza nilisoma aya nzima mbele ya nyuso kumi na nne zilizonyamaza, kalamu zimesimama. Wiki ya pili mzee mmoja aliinua mkono: "Samahani Mwalimu, kama haitakuwa usumbufu, naomba, stop." Nilikuwa nimeshapita sentensi mbili. Ikabidi tufanye zoezi la kunikatiza peke yake, bila kuandika chochote; nasoma gazeti, nao wananipigia "stop" kila ninapotamka mji. Akina mama ndio waliozoea haraka. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wananirudisha nyuma kwa sauti ambayo nadhani waume zao wanaifahamu.

Kitu kinachobadilika ni kikubwa kuliko imla. Mtu anayesema "go back to after Monday" ameshajua kwamba kutoelewa kwake kuna mahali, kuna anwani. Hajasema "sielewi", neno linaloziba njia. Amesema: nimefika hapa, hapa pana shimo, nitolee. Na amelisema kwa Kiingereza.

Zamani wataalamu walibishana kama imla inapima chochote. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya upimaji wa lugha, aliona haipimi kikubwa: maneno umepewa, mpangilio umepewa, kilichobaki ni kuandika. Miaka ya 1970 John Oller akampinga kwa kuonyesha kwamba alama za imla zilikwenda sambamba na uwezo wa jumla wa mtu katika lugha. Nikitazama "kapati" najua niko upande wa nani. Maneno hayakuwa yametolewa. Kilichotolewa ni mlio, na mama alilazimika kuujenga upya kwa sarufi, msamiati na akili ya mazingira. Akajenga mlo.

Mbinu iliyokwenda mbali zaidi katika kujenga huko ni ya Ruth Wajnryb, aliyechapisha kitabu chake cha imla ya sarufi mwaka 1990. Mwalimu anasoma aya fupi mara mbili kwa kasi ya kawaida. Wanafunzi wananasa vipande tu. Kisha kwa vikundi wanaijenga upya na kuilinganisha na ya asili. Thamani iko kwenye ubishi wa kikundi: mmoja kasikia "live", mwingine "leave", wa tatu anauliza, sasa mtu anaishi kazini au anaondoka kazini? Wajnryb alikuwa Mwaustralia, binti wa wazazi walionusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya wakahamia huko. Nchi ile ile ya maneno 50 bandarini. Nikiwa nasahihisha usiku hilo hunijia, na hunifurahisha.

Imla ya mbio, ile ya karatasi kubandikwa ukutani, mmoja anakwenda kusoma, anarudi kumnong'oneza mwenzake anayeandika, inapendwa sana kwenye semina za walimu. Mimi naipenda bila mbio. Mwenye zamu ya saa kumi kwa siku ghalani hakimbii, na mzee wa miaka sitini hashindanishwi na mjukuu. Wanatembea. Faida yake ni kwamba wote wawili wanakuwa na breki: mwandishi anamrudisha mpeleka habari ukutani bila huruma.

Kwa wale ambao hawakuwahi kwenda shule, na wapo katika kila darasa langu, wengi wao akina mama, kalamu yenyewe bado ni ngeni. Kuwapa imla ya sentensi ni kuwaonea. Wao wanachora: "A house. Two windows. A man is next to the house." Wanasikiliza kwa bidii ile ile, na "next to" inaingia au haingii, utaona kwenye mchoro mwanamume kapanda juu ya bati.

Nimeacha imla ninayoiona ya lazima kuliko zote, nayo ni ya herufi. Mkongo aliyezoea majina ya herufi ya Kifaransa, au Mswahili yeyote, akiulizwa ataje jina lake herufi kwa herufi, anafika kwenye i na kuitamka i. Karani Mmarekani anaandika E, kwa sababu hivyo ndivyo E yao inavyoitwa. Akifika kwenye e ya Kiswahili, karani anaandika A. G na J kwa Kifaransa na kwa Kiingereza ni kama zimebadilishana nguo. Hivyo Riziki anatoka ofisini akiwa Rezeke, kwenye kadi yenye picha yake, na barua ya benki inaandikwa Riziki, na kadi ya hospitali inaandikwa Rezeke, na kwa miezi kadhaa anathibitisha kwamba yeye ni yeye. Nimeona majina mengi ya namna hiyo. Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla ya "how are you", tunasomeana majina. Mwanafunzi anataja, mwalimu anaandika ubaoni kile hasa anachokisikia kwa sikio la karani, bila kumsaidia. Rezeke. Anaona. Anasema "stop". Anarudia: "ai". Nafuta E.

Katika kusahihisha, kalamu nyekundu niliiweka kabatini. Baada ya imla kila mmoja anapata maandishi ya asili na kujilinganishia mwenyewe, akipiga mstari chini ya kosa la sikio na kuacha kosa la mkono lipite. "Wensday" ni kosa la mkono. Siku imefika salama, na Kiingereza ndicho kinachoandika d kisichoitamka. "Tuesday" palipotamkwa "Thursday" ni kosa la sikio, na litamkosesha mtu kazi. Hapo watu wa Mombasa na Unguja wana bahati, th wameizoea tangu utotoni kwenye thamani na thelathini. Ndugu wengi wa Kongo husema samani na selasini, na siku hizo mbili kwao zinakaribiana sana. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atayapa makosa yote mawili alama sawa, nusu, nusu, na daftari halitamwambia kitu.

Sitaki kuiuza imla kama mwarobaini. Haimfundishi mtu kujitetea kwa bosi, wala kumpigia mtu soga. Ikizidi dakika kumi na tano inageuka adhabu, na mwalimu mvivu ataitumia kujipumzisha, maana kusoma ni rahisi kuliko kuandaa somo. Imla ya maandishi yaliyookotwa kwenye kitabu cha zamani, ya familia inayokwenda ufukweni na mbwa wao, inastahili kejeli zote inazopata. Zangu natunga kutokana na simu zao: kliniki, shule, meneja wa zamu, kampuni ya umeme. Wananiletea ujumbe wa sauti, nafuta majina, nausoma Alhamisi.

Mwaka huu mwanzoni, yule mama wa Fizi alitoka nje ya darasa kupokea simu. Mlango ulibaki wazi kidogo. Tulimsikia sote: "Stop. Stop! Go back." Kimya. "Go back, before Thursday." Nikajikunyata kwa niaba ya karani wa watu, nikakumbuka kwamba sikuwahi kuwafundisha kutia "please" kwenye zile amri. Akarudi na kiganja kimeandikwa kwa wino: Thurzday 13, 9:15.

"Mama, una hakika ni kumi na tatu? Si thelathini?"

"One, three," akasema, akakaa, akafungua daftari. "Nimemrudisha mara mbili."

"Na dakika?"

"One, five. Alikuwa ameanza kukasirika. Soma, Mwalimu, tumechelewa."